Balambala na Minneapolis: masaa tisa, masaa nane, na robo saa iliyopotea

Leo naweka kando simu mpya na programu mpya. Nataka tuongee kuhusu saa. Sio saa ya mkononi, bali ile inayokaa ndani ya kompyuta na kuamua kwamba leo ni tarehe fulani. Na nitaieleza kwa kutumia miji miwili: Balambala, kaunti ya Garissa, na Minneapolis, jimbo la Minnesota kule Marekani.

Angalizo moja kabla hatujaanza. Walimu wa Kiswahili watanikemea, lakini leo nitasema "masaa" nikimaanisha muda, na "saa" nikimaanisha wakati. La sivyo "saa tisa" itatuchanganya sote.

Kwa nini miji hii miwili? Kwa sababu watu wameshaiunganisha, mimi nafuata tu nyayo zao. Kambi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilifunguliwa mwaka 1991 na 1992 katika eneo hilihili la Garissa, Somalia ilipoporomoka. Kuanzia miaka hiyo ya tisini familia nyingi za Kisomali zilipata makao Minnesota, na mtaa wa Cedar-Riverside pale Minneapolis ukawa kama bulla nyingine ya nyumbani, ila bulla yenye maghorofa na barafu. Leo ukikaa Garissa na mtu akakwambia "niko na dada yangu Minneapolis", hakuna anayeshangaa. Swali linalofuata ni moja tu: saa hizi kwao ni saa ngapi?

Swali linaonekana dogo. Jibu lake ndilo limenifanya niandike makala ndefu hivi.

Tuanze na jua, kwa maana jua halina siasa. Balambala iko kando ya mto Tana, karibu kabisa na mstari wa Ikweta, kwenye longitudo ya kama nyuzi 39 mashariki. Minneapolis iko kando ya mto Mississippi, latitudo nyuzi 45 kaskazini, longitudo kama nyuzi 93 magharibi. Jumlisha hizo longitudo mbili, unapata nyuzi 132 na kidogo. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa lisaa limoja. Kwa hiyo jua likiwa utosini Balambala, litachukua masaa 8 na dakika 49 hivi kabla halijafika utosini Minneapolis. Hiyo ndiyo tofauti ya kweli ya miji hii. Haijawahi kubadilika na haitabadilika.

Lakini hakuna saa ya ukutani inayosema masaa 8 na dakika 49. Kuanzia Novemba hadi Machi, saa zinasema tofauti ni masaa 9. Kuanzia Machi hadi Novemba zinasema ni 8. Jua linakaa katikati, karibu zaidi na tisa, likiwatazama.

Upande wetu hakuna kinachosogea. Balambala jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu na ushei asubuhi, mwaka mzima, na mchana huwa na masaa kumi na mawili na dakika kama saba, mwaka mzima. Mtu anayefuga ngamia au anayelima migomba kwenye ukingo wa Tana haulizi saa ya machweo ya mwezi ujao. Anaijua. Kinachobadilika kwake ni mvua: Gu ikija kuanzia Machi, Deyr kuanzia Oktoba, na ikikosa kuja ndipo mambo huharibika.

Minneapolis ni kinyume chake. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama saa tatu usiku. Ndiyo, saa tatu usiku jua bado liko. Mwishoni mwa Desemba huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Sasa mfikirie mtu aliyelelewa mahali ambapo neno "jioni" lina maana moja tu, halafu anahamia mahali ambapo jioni inatangatanga kwa zaidi ya masaa manne. Ramadhani ikiangukia Juni, kama ilivyokuwa 2015 hadi 2017, mfungo wa Minneapolis unapita masaa kumi na saba. Wa Balambala ni kumi na tatu na kitu, na kaka zake walioko kule wanajua kabisa nani anafunga kwa raha.

Sasa tupumzike kidogo na mchezo. Hesabu ya saa ya Kiswahili iko nyuma ya hesabu ya Kizungu kwa sita. Saa ya Kizungu ikisema 8, sisi tunasema saa mbili. (Wahabeshi wa Ethiopia nao huhesabu hivyohivyo, kwa hiyo hatuko peke yetu.) Minneapolis wakati wa baridi iko nyuma yetu kwa tisa. Tisa toa sita ni tatu. Kwa hiyo chukua saa ya Kiswahili ya Balambala, toa tatu, na utapata tarakimu inayoonyeshwa na saa ya ukutani ya Minneapolis. Balambala ni saa mbili usiku? Mbili, moja, kumi na mbili, kumi na moja: ukutani kwao ni 11, asubuhi. Wakati wa majira yao ya joto unatoa mbili badala ya tatu. Ni hesabu ambayo hata bibi asiyejua kusoma anaifanya kichwani akingoja simu.

Na kuna mji mmoja ambao huhitaji kutoa chochote. Tokyo iko mbele yetu kwa masaa sita kamili, na Japani hawasogezi saa. Ukinunua saa Tokyo, usiiguse, ukashuka nayo Garissa, mshale wake utakusomea Kiswahili sanifu. Lakini simu yako, hata ukiibadilisha lugha iwe Kiswahili, bado itakuandikia 20:00 na kukuachia wewe uitafsiri kuwa saa mbili usiku. Wametafsiri maneno, hesabu wakaiacha.

Haya, turudi kwenye jambo letu. Kama jua linasema masaa 8 na dakika 49, ni nani aliyeamua 9, na ni nani aliyeamua 8?

Minneapolis waliamuliwa na reli. Karne ya 19 ulikuwa mji wa vinu vya unga, vikiendeshwa na maporomoko ya Mtakatifu Anthony kwenye Mississippi, na unga husafirishwa kwa treni. Kila mji wa Marekani ulikuwa na saa yake ya jua, na kampuni za reli zilichoka. Tarehe 18 Novemba 1883 kampuni hizo, bila kungoja serikali, zikaikata nchi vipande na kuweka saa moja kwa kila kipande. Minneapolis ikaingia kipande cha kati, masaa sita nyuma ya Greenwich, ilhali jua lake liko masaa 6 na dakika 13 nyuma. Bunge la Marekani lilikuja kuyatia mambo hayo kwenye sheria mwaka 1918, miaka 35 baadaye!

Kisha kukaja mtindo wa kusogeza saa mbele wakati wa joto, na hapo ndipo vurugu ilipoanza, kwa sababu kila mji ulisogeza ulipotaka. Mfano ninaoupenda ni wa 1965. Minneapolis na Saint Paul ni miji pacha, mto tu ndio unaoitenganisha, kama vile kutoka Garissa mjini kuvuka daraja kwenda Madogo upande wa Tana River. Mwezi wa Mei mwaka huo Saint Paul wakasogeza saa tarehe 9. Minneapolis wakasema sisi tunafuata sheria ya jimbo, wakangoja hadi tarehe 23. Kwa wiki mbili mtu alivuka daraja na kupoteza lisaa limoja, akirudi anarudishiwa. Mwaka uliofuata, 1966, serikali kuu ikapitisha sheria ya kuleta usawa. Sheria nyingine ya 2005 ndiyo iliyoleta kalenda ya sasa, iliyoanza kutumika 2007: wanasogeza Jumapili ya pili ya Machi, wanarudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba.

Mwaka 2024 saa zao zilisogezwa tarehe 10 Machi, na Ramadhani ikaanza kwao tarehe 11. Fikiria futari kuruka lisaa limoja mbele siku ileile unayojiandaa kufunga.

Sasa upande wetu. Watu wengi hudhani Kenya ni masaa matatu mbele ya Greenwich tangu Adamu. Hapana. Hii ndiyo historia kama inavyoonekana kwenye faili ambalo kompyuta nyingi duniani hulitegemea, chini ya jina Africa/Nairobi:

+2:27:16 hadi Mei 1908
+2:30 hadi mwisho wa 30 Juni 1928
+3:00 hadi mwisho wa 4 Januari 1930
+2:30 hadi mwisho wa 31 Desemba 1936
+2:45 hadi mwisho wa 31 Julai 1942
+3:00 tangu hapo

Mstari wa kwanza ni jua la Nairobi. Wa pili ni uamuzi wa serikali ya kikoloni ya 1908: walichukua longitudo ya nyuzi 37 na nusu, inayopita mashariki kidogo ya Mlima Kenya, wakaifanya saa ya nchi nzima. Hapo bila kukusudia waliifaa Balambala. Jua la Balambala ni masaa 2 na dakika 36 mbele ya Greenwich, kwa hiyo ilikosewa kwa dakika sita tu. Hakuna saa rasmi nyingine iliyowahi kukaribia hivyo.

Kisha 1928 wakasogeza nusu saa mbele kwa sheria maalumu, mwaka uliofuata sheria hiyo ikafutwa, na mwanzoni mwa 1930 saa ikarudi nyuma. Kuanzia 1937 wakachukua njia ya katikati, masaa mawili na robo tatu. Mwaka 1942, vita vya dunia vikiendelea, wakaenda tatu kamili na hatujatoka hapo. Kwa miaka mingi hiyo robo tatu iliandikwa kwenye faili kwa kifupisho BEAUT, nadhani ni kitu cha urembo pekee katika historia hii.

Sasa jiulize: mwaka 1937, nani Balambala alisogeza saa? Eneo lote la mpaka wa kaskazini lilikuwa limefungwa tangu 1926, mtu wa nje hakuingia bila kibali. Tangazo lilichapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali huko Nairobi kwa lugha ambayo wafugaji wa Tana hawakuisoma. Sidhani kama kuna ngamia aliyekunywa maji robo saa mapema kwa ajili yake. Saa ilibadilika, Balambala haikubadilika. Baadaye ndipo redio ilipoleta saa ya kweli nyumbani: idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza 1957, na wazee wengi wa kaskazini mashariki walijifunza GMT kutoka kwa matangazo yake kuliko kutoka kwa serikali yoyote.

Serikali ilileta saa kwa njia nyingine, na hii lazima niitaje kwa sababu ni sehemu ya tabia ya mahali. Tangu hali ya hatari ya 1963, ambayo sheria zake ziliondolewa 1991 tu, saa rasmi katika mkoa ule mara nyingi ilimaanisha saa ya kutokuwa nje. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, kafyu iliwekwa Garissa, Wajir, Mandera na Tana River kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa moja kwa kaunti nne. Lakini mwezi kama ule jua la Mandera huzama kama dakika kumi kabla ya la Balambala, maana Mandera iko mbali zaidi mashariki. Mandera ulikuwa na nafasi ndogo ya kuswali Magharibi msikitini na kurudi nyumbani. Balambala, mwadhini angeadhini kafyu ikiwa inaingia.

Minneapolis nao walikuwa na mjadala wa saa na adhana, ila wa aina nyingine. Mwaka 2022 baraza la mji liliruhusu misikiti kuadhini kwa vipaza sauti, lakini kati ya saa moja asubuhi na saa nne usiku, kwa sababu ya sheria ya kelele. Ukisoma haraka unaona ni haki tele. Ukiweka ratiba ya jua mbele yako unaona Alfajiri haimo hata siku moja ya mwaka, na Isha ya majira ya joto nayo imeachwa nje. Mwezi Aprili 2023 baraza likaondoa mipaka hiyo, ukawa mji mkubwa wa kwanza Marekani kuruhusu adhana zote tano mwaka mzima. Hapo watu walikaa chini na wakagundua kwamba saa na jua ni vitu viwili. Ningependa wale waliopanga kafyu za kwetu wangekuwa na ratiba kama ile mezani.

Sasa tuje kwenye faili lenyewe, maana hii ni blogu ya teknolojia na nimeshachelewa.

Faili hilo huitwa tz. Lilianzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani Arthur David Olson, na sasa mtunzaji wake ni Paul Eggert akisaidiwa na watu wa kujitolea. Linuksi inalitumia, Android inalitumia, simu za Apple, Java, PHP, Python, zote. Kila kundi la mahali pa saa moja lina jina moja la mji mkubwa. Balambala haimo, inaitwa Africa/Nairobi. Minneapolis nayo haimo, inaitwa America/Chicago. Hapo miji yetu miwili imefanana: kila mmoja huazima jina la mwingine. Mogadishu, Kampala, Dar es Salaam, Addis Ababa na hata Antananarivo siku hizi ni majina tu yanayoelekeza kwenye Nairobi.

Sharti la faili ni kwamba mahali pawili pakiwa na saa sawa tangu 1970, panaweza kuwekwa pamoja. Yaliyotokea kabla ya 1970 yanahesabika kwa mji wenye jina peke yake. Ndiyo maana wiki mbili za Minneapolis na Saint Paul za 1965 huzioni popote. Kwa kompyuta hazikutokea.

Na historia ya Kenya kwenye faili ilitoka wapi? Hapa ndipo nilipocheka. Kwa miaka mingi ilitoka kwenye atlasi ya Thomas Shanks, kitabu kilichotengenezwa kwa ajili ya wanajimu, wale wa kusoma nyota za mtu kwa saa yake ya kuzaliwa. Mnajimu lazima ajue saa halisi ya kila mji tangu zamani, kwa hiyo walikusanya kile ambacho hakuna mwingine aliyekikusanya. Kampuni moja ya programu za unajimu, Astrolabe, iliwashtaki Olson na Eggert Septemba 2011 ikidai data hiyo ni mali yake. Orodha na faili zikafungwa kwa siku kadhaa, kisha shirika la ICANN likachukua jukumu la kulihifadhi Oktoba hiyohiyo. Kesi iliondolewa mwaka 2012. Ndiyo kusema saa za simu zetu zilikaribia kukosa mwenyewe kwa sababu ya wapiga ramli.

Atlasi ile ilikosea Kenya. Ilisema ile robo tatu, +2:45, ilianza 1 Januari 1940 na kuendelea hadi mwisho wa 1959. Kumbe magazeti rasmi ya serikali yanaonyesha ilianza 1937 na kuisha 1942. Kosa hilo lilikaa ndani ya kompyuta za dunia hadi toleo la Desemba 2020, mtu wa kujitolea alipofukua magazeti yale na kulisahihisha.

Unasema, robo saa ya 1955, nani anajali? Ngoja.

Wakimbizi wengi na wazee wengi wa kaskazini mashariki hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mzee anajua alizaliwa mwaka wa ukame fulani, baada ya mvua fulani. Karani anahitaji tarehe, anaandika 1 Januari. Nenda Cedar-Riverside, nenda Dadaab, nenda Balambala, utakuta watu wengi ajabu wenye siku ya kuzaliwa moja. Wamezoea, hata wanaifanyia mzaha.

Tarehe 1 Januari ndiyo tarehe mbaya kuliko zote kwa programu iliyoandikwa vibaya. Chukua programu inayohifadhi tarehe ya kuzaliwa kama wakati kamili: saa sita usiku, 1 Januari 1955. Tuseme imeandikwa kwenye Windows, ambako saa ya Afrika Mashariki ni +3 tu, haina historia. Inahifadhi 21:00 UTC, 31 Desemba 1954. Kisha data inasomwa na seva ya Linuksi yenye faili la kabla ya mwisho wa 2020. Seva inasema: mwaka 1954 Nairobi ilikuwa +2:45. Inajumlisha. Inapata 23:45, 31 Desemba 1954. Programu inakata saa, inabaki na tarehe. Mzee amezaliwa mwaka mwingine.

Minneapolis hali ni mbaya zaidi, huko hata kosa la Shanks halihitajiki. Wakati uleule ukisomwa kwa America/Chicago unakuwa saa tisa alasiri ya 31 Desemba 1954. Sasa mama mmoja ana karatasi ya uhamiaji yenye 1 Januari 1955 na rekodi ya hospitali yenye 31 Desemba 1954. Siku moja imekuwa mwaka mmoja. Kwa karani wa bima hao ni watu wawili, na mmoja wao anashukiwa kudanganya. Kwa kijana anayehesabiwa miaka kumi na minane mambo yanaweza kuwa mazito zaidi.

Dawa si ngumu. Tarehe ya kuzaliwa sio wakati. Haina saa, haina ukanda, usiihifadhi kama ina hivyo. Hifadhidata nyingi zina aina ya tarehe tupu: mwaka, mwezi, siku, basi. Na pale unapohitaji wakati kweli, mathalani kupanga simu kati ya miji hii miwili mwezi ujao, hifadhi jina, America/Chicago, usihifadhi namba -6, kwa sababu Machi ile namba itakugeuka.

Nashuku kosa hili lina mzizi wa kitamaduni. Kwa Mzungu siku huanza saa sita usiku, kwa hiyo anaona ni sawa tarehe kuwa sifuri ya usiku wa manane. Pwani yetu usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Kwa Kiswahili saa sita usiku hakuna kinachoanza. Watu wamelala.

Nimalizie na tarehe moja ya ajabu. Kwenye faili la zamani saa ya Kenya iliruka kutoka +2:45 hadi +3:00 mwaka 1960 ulipoingia. Maana yake saa sita kamili usiku wa 1 Januari 1960 haikuwahi kuwepo: saa iliruka hadi sita na robo. Programu za Java zilizotumia maktaba ya Joda-Time, zikiambiwa zitengeneze wakati huo Nairobi, zilikataa kwa ujumbe wa hitilafu. Kila mzee aliyeandikiwa 1.1.1960 alikuwa amezaliwa kwenye dakika isiyokuwepo. Tangu Desemba 2020 dakika yake imerudishwa, mradi msimamizi wa seva amesasisha.

Lakini kwa faili jipya, lililo sahihi, kuruka kumehamia mahali pengine: usiku ulioingia 1 Januari 1937, saa ilipotoka +2:30 kwenda +2:45. Safari hii si kosa la wanajimu. Ni serikali yenyewe. Aliyeandikiwa 1.1.1937 sasa ni mzee sana, na ukimtafutia saa sita usiku ya siku yake Nairobi, kompyuta itakwambia haipo, na itakuwa inasema kweli. Jaribu kwenye mashine yako: weka Africa/Nairobi, 1937-01-01 00:00, uone inajibu nini. Kama inakubali bila kunung'unika, angalia toleo la tzdata yako.